Usaili wa Siku ya Alkhamisi

Nimewasamehe watu wengi katika maisha yangu, lakini wale watatu bado, na mmoja wao ndiye sitamsamehe kabisa.

Miaka tisa niliandika programu za hesabu za likizo na mahudhurio katika ofisi moja ya serikali hapa Maskati. Kwenye karatasi niliandikwa msaidizi. Kila mkubwa aliyeletwa kutoka nje nilimfundisha mimi kazi, na akishaijua huanza kunisahihisha. Basi kampuni moja kubwa ya kompyuta ilipofungua ofisi mjini na kutangaza kuwa inamtafuta mhandisi mwandamizi wa programu, niliitaka kazi ile nisivyowahi kutaka kitu. Si kwa ajili ya kiti. Nilitaka, walau mara moja, niitwe kwa jina la kazi ninayoifanya.

Wakanipangia usaili Alkhamisi, saa nne asubuhi. Zama hizo Alkhamisi na Ijumaa ndizo zilizokuwa siku zetu za mapumziko, na Jumamosi watu wanarudi kazini. Mama alishangaa, usaili gani huo wa siku ya kupumzika. Nikamwambia hawa wageni, wametoka makao makuu, tuwastahamilie. Nikapiga pasi abaya yangu, nikatoka kwetu Sib kwa gari, njia nyeupe, haina watu. Kwenye jengo lao mlinzi hakuwa na habari ya mtu yeyote, ikabidi atafute ufunguo ndipo aniwashie lifti.

Juu walikuwapo wageni wawili na Muomani mmoja, mwenzetu, mzaliwa wa Unguja kama mama yangu. Aliponifungulia mlango alinisalimu kwa Kiswahili, akaniuliza mimi mtoto wa nani, na moyo ukanitulia. Kumbe nimetulia bure.

Saa nzima mambo yalikwenda vizuri. Mwisho, mkubwa wa wale wageni akanipa kalamu, akaniambia niandike ubaoni programu ya kuhesabu siku za kazi baina ya tarehe mbili, nitoe siku za mapumziko. Nusura nicheke. Programu zote tulizoletewa kutoka nje zilikuwa zikiwaandika watu watoro kila Alkhamisi, na aliyekuwa akizirekebisha ni mimi. Dakika kumi hazikwisha nikawa nimemaliza. Nikaijaribu kwa tarehe mbili mbele yao, jibu likatoka sawa.

Akatazama ubao, akatazama karatasi yake ya majibu, akasema nimekosea. Mapumziko ni Jumamosi na Jumapili, kila mtu anajua. Nikamweleza, kwa adabu yote niliyolelewa nayo, kwamba wateja wao wa hapa hawapumziki siku hizo. Akasema swali halikutaja Maskati. Nikamwambia na kwengine pia halikutaja. Nikamwambia leo ni Alkhamisi, na jengo zima hili tumo sisi wanne na mlinzi. Mgeni wa pili akatabasamu, akaandika kitu.

Nikamgeukia mwenzetu. Mtu huyu kesho yake angekwenda kusali Ijumaa, na keshokutwa angeamka mapema aende kazini kama sisi sote. Neno moja tu lingetosha. Akainama anaisoma karatasi iliyo mbele yake, nami naiona, haina hata herufi.

Alinisindikiza chini. Ndani ya lifti ndipo alipopata ulimi.

"Ulikuwa sawa, dada," akasema. "Ungekubali tu, ukafuta."

"Na wewe kule juu ulikuwa huna mdomo?"

Akasema hawapendi kukosolewa, naye cheo chake wanakiamua wao. Wallahi, ningekuwa sina haya ningemtemea. Wale wawili hawajui, hawakukaa hapa hata wiki. Yeye anajua, na akaniacha nionekane mjinga kwa jambo ninalolijua kuliko wote mle ndani.

Mama alikuwa ameniwekea chakula. Nilipomhadithia aliuliza, "Wasomi wazima, hawajui Jumamosi ndiyo siku ya mosi?" Sikuweza kula.

Barua ikaja: wanasikitika, sikulisoma swali vizuri.

Mwaka haujatimia nikapigiwa simu ofisini. Yeye huyo, mwenzetu wa kwenye lifti. Mfumo waliouuza hapa mjini umewaandika wafanyakazi wote watoro wa Alkhamisi, na Jumamosi yote haikuhesabiwa. Wateja wamekuja juu. Akaniuliza kwa sauti laini kama bado naikumbuka ile programu niliyoiandika ubaoni.

Naikumbuka mpaka leo, mstari kwa mstari.

"Waulize wakubwa wako, kaka," nikamwambia. "Jibu wanalo kwenye karatasi."

Nikaweka simu. Kisha nikarudi kwenye meza yangu ya msaidizi, kumweleza mkubwa mpya aliyeletwa wiki ile kwa nini Alkhamisi hatuji kazini.