Pombe Iliyolala Ndani ya Mti

Mume wangu hawezi kunywa kitu bila kukihoji kwanza. Mpe maji ya mtungi, atayazungusha kwenye kikombe, atayanusa, atatazama dari kama mtu anayetafuta jina la mwalimu wake wa darasa la pili, kisha atakwambia yana mwisho mrefu. Maji! Ugonjwa huo alirudi nao kutoka Ulaya, alikokwenda kusomea mambo ya misitu, akapanga chumba jirani na kiwanda kidogo cha bia ambacho wenyewe walimzoea kama paka wa nyumba. Wenzake walirudi na shahada. Yeye alirudi na shahada na pua.

Alirudi pia na chupa moja, ameivika soksi za baridi na kuilaza katikati ya sanduku. Ilikuwa bia nyeusi, nzito, kali kushinda divai ya misa, ya aina ambayo huko wanaiita stauti ya kifalme. Kabla ya kutiwa chupani ilikuwa imelazwa mwaka mzima ndani ya pipa la mwaloni, mti ambao kwetu hauoti na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba hauoti. Mdomo wa chupa ulizibwa kwa nta. Wakati huo mimi nilikuwa mchumba wake, mwalimu wa sekondari hapa Tabora, mwenye umri ambao rafiki zangu walikuwa wameanza kuniita shangazi mbele ya watoto wao. Nikamwuliza tutaifungua lini. Akanitazama kana kwamba nimeuliza tutaichoma lini nyumba.

"Hii ni ya baba yako," akasema.

Hapo ndipo nilipoogopa.

Kwetu ni Ulyankulu. Wazee wetu walitoka Burundi wakiwa na mbegu za maharage, rozari na taratibu za pombe, na katika hivyo vitatu, ambacho hakijabadilika hata kidogo ni cha tatu. Anayekuja kuposa huleta pombe. Upande ulioileta huonja kwanza, mbele ya watu wote, ijulikane kwamba haina sumu wala nia mbaya. Kisha hupewa baba wa binti. Akinywa, binti ametolewa. Asipokunywa, watu huzungumza habari za mvua, hula, huagana vizuri. Hakuna anayetamka neno hapana, na kwa sababu halijatamkwa, hakuna wa kulikatia rufaa.

Nami nilikuwa nimeshaposwa mara moja. Yule bwana alileta pombe ya mtama nzuri tu, mshenga wake akaonja, mrija ukawekwa mbele ya baba, na baba akashika tumbo. Akasema tangu asubuhi linamsumbua. Wageni walipoondoka nilimkuta nyuma ya bani la kukaushia tumbaku, anamalizia maharage ya jana na ugali wa kutosha wanaume wawili. Yule bwana sasa ana familia kubwa Nzega na tukikutana hunisalimia kwa huruma. Kwa hiyo nilijua jambo moja kwa hakika: tumbo la baba likiuma mara ya pili, nitazeekea nyumba ya walimu nikisahihisha insha.

Nilimweleza mchumba wangu yote haya. Nikamwambia leta pombe ya mtama, leta kreti za bia, fanya kama watu wanavyofanya. Lakini yeye ni mtu wa Kwihara. Watu wa Kwihara wamekaa kando ya njia ya misafara tangu enzi za mababu, wakipokea bidhaa za pwani zenye sifa ndefu kuliko zenyewe, na siku hizi wana lile tembe, nyumba ya udongo aliyokaa mzungu wa zamani, ambalo huwaeleza wageni mpaka wageni wanasahau kulitazama. Mtu wa huko akiamini kitu, ataeleza tu. Akaniambia kreti zitakuwepo, tena nyingi, kwenye gari. Lakini pombe ya kutamkia neno itakuwa ile, kwa sababu baba yangu ni mtu wa heshima na hastahili bia ambayo kila mtu anaipata stendi.

Tukafanya mazoezi. Kwa kuwa chupa ilikuwa moja, alinifundisha kuonja kwa kutumia chai ya rangi. Jioni kadhaa tulikaa sebuleni tukizungusha chai kwenye glasi, tukiinusa, yeye akiniuliza ninapata nini. Nilikuwa napata chai. Akasema nisikate tamaa, pua ni kama shamba.

Ujumbe wake ulipangwa vizuri. Mshenga alikuwa rafiki wa marehemu baba yake, mzee wa mjini, fundi cherehani, Mwislamu mwenye kauli tamu ya watu wa Tabora ya zamani, mtu anayeweza kukusalimia mpaka ukajisikia umeoga. Wa pili alikuwa shangazi yake, mama mkimya aliyeokoka. Wa tatu alikuwa mjomba wake, Mkatoliki kama sisi, ambaye kwa upande wa kunywa hakuhitaji mazoezi ya chai. Huyo ndiye aliyetegemewa kuonja. Asubuhi ya safari malaria ikamlaza kitandani. Wakaondoka bila yeye, na katika njia yote ya vumbi hakuna hata mmoja kati ya wale wasomi na wazee aliyejiuliza nani sasa atashika nafasi ya koo lake.

Mimi nilitangulia nyumbani siku moja kabla. Siku ya siku nilikuwa jikoni na mama, kwa sababu binti hatokei mpaka aitwe, lakini mlango wetu wa jikoni unatazama uani na una ufa ambao wanawake wa ukoo wetu wameutumia kwa faida nyingi. Wageni wakakaa. Shikamoo zikaitikiwa marahaba. Msemaji wetu alikuwa baba mkubwa, kaka wa baba, ambaye husema yale baba anayoyafikiri pamoja na mengine ambayo baba hajayafikiria. Mshenga akasimama, akasifu ukoo, akasifu mji, akasifu kivuli. Mchumba wangu akaitoa chupa kwenye soksi na kuiweka juu ya meza ndogo.

"Wazee wangu," mshenga akasema, "mzigo huu mimi siushiki, ila nimeagizwa kuueleza. Hii ndiyo pombe ya neno letu. Imelala mwaka mzima ndani ya pipa la mti. Wenyewe wanasema ina kahawa, ina chokoleti, ina vanila, ina tumbaku, na kwa mbali ina ngozi."

Baba mkubwa akainama kuitazama chupa.

"Ngozi ya mnyama gani?"

Mshenga akamgeukia mchumba wangu. Mchumba wangu akatazama chini, maana anayeposa hasemi mbele ya mkwe wala hanywi mpaka apewe jibu. Kwa mara ya kwanza tangu arudi Ulaya alikuwa na jambo la kueleza na hana ruhusa ya kulieleza. Nilimhurumia, lakini siwezi kudanganya, nilifurahi kidogo.

"Ngozi tu, mzee wangu," mshenga akasema. "Ngozi kwa ujumla."

"Haya. Sampuli tumeiona. Pombe yenyewe iko wapi?"

Mshenga angeweza kuokoka hapo. Kreti zilikuwa kwenye gari, hatua chache tu. Lakini ulimi mzuri hauna breki, akarudia kwamba hii ndiyo pombe ya neno, na ikishatamkwa hivyo mara mbili kwetu hairudi nyuma. Baba mkubwa akatoa kisu, akabandua nta, akafungua, akamimina kwenye glasi. Kikatoka kitu cheusi na kizito, kilichoteremka bila haraka kama oili chafu ya trekta, kikajivika povu la rangi ya udongo. Jirani mmoja aliyekuwa amealikwa akasogeza kiti chake nyuma.

"Mwenye pombe aonje," baba mkubwa akasema.

Mshenga akairekebisha kofia yake.

"Mzee wangu," mshenga akasema taratibu, "mimi dini yangu hainiruhusu."

"Hatukulazimishi hata kidogo. Mama?"

"Mimi nimeokoka," shangazi akasema, na hilo ndilo neno pekee nililomsikia akilitamka siku ile.

"Bwana asifiwe. Na kijana?"

"Kijana kwa utaratibu wenu haruhusiwi," mshenga akasema, na kauli yake tamu ilikuwa imekauka.

Baba mkubwa akaketi. "Basi wamekuja wageni watatu. Mmoja haruhusiwi, mmoja ameokoka, mmoja hana haki. Pombe wameileta ya nini? Tuioge?"

Watu wakacheka. Baba hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake cha siku zote, kofia magotini, anaitazama ile glasi. Mimi kwenye ufa wa mlango nikauona mkono wake wa kulia unainuka polepole kutoka kwenye kofia. Ukapita goti. Ulikuwa unaelekea tumboni.

Sikufikiri. Ningefikiri nisingetoka. Mama alinivuta khanga, ikabaki mkononi mwake, nami nikajikuta uani katikati ya watu, kichwa wazi, mikono ina unga. Nikaichukua glasi mezani. Sikuizungusha. Sikuinusa. Nikanywa.

Nitasema kweli sasa, maana mume wangu hunitaka niseme mbele ya wageni na huwa nakataa. Kwanza ilikuwa chungu, uchungu wa kahawa iliyosahauliwa jikoni. Halafu ukaja ukoko, ule ukoko wa ugali uliokamata chini ya sufuria ambao sisi watoto tuligombania. Halafu moshi, na moshi ule niliujua: ni wa bani la baba, mwezi ambao majani yanakauka na nguo zetu zote shuleni zinanuka. Nikameza, moto ukashuka mpaka kifuani, na baada ya kumeza, wakati nadhani mambo yamekwisha, ukaja utamu wa asali ya miombo, ule wenye ukali, ukakaa. Ukakaa sana. Pale uani, huku wajomba zangu wakinitazama kama mwizi, nikaelewa kwa mara ya kwanza yule mtu alikuwa anasema nini kuhusu mwisho mrefu, na nikamkasirikia kwa chai yote niliyozungusha bure.

"Haina sumu," nikasema.

Nikaenda mpaka kwa baba, nikapiga magoti, nikampa glasi kwa mikono miwili. Mkono wake ulikuwa bado uko njiani. Ukasimama, kisha ukabadili njia ukaipokea.

"Wanasema imelala ndani ya mti?"

"Ndiyo, baba."

"Sisi ndani ya mti tunaweka nyuki."

"Ndiyo, baba."

Akaisogeza puani. Mchumba wangu akainua kichwa, macho yamemtoka, na najua alikuwa anaomba moyoni baba aizungushe kidogo. Baba hakuizungusha. Akanywa funda moja, akafumba macho. Akanywa la pili. Akamaliza, akaipindua glasi chini kuonyesha imekwisha, kama walivyofanya wazee wake.

"Inanukia kama nyumbani," akasema.

Wanawake jikoni wakaanza vigelegele. Mshenga akashukuru Mungu kwa sauti. Baba akainua mkono watu wanyamaze, na sura yake haikuwa ya mtu aliyefurahi.

"Ngojeni. Pombe huonjwa na nani?"

"Na aliyeileta," baba mkubwa akajibu.

"Na huyu ameonja."

Mimi nilikuwa bado nimepiga magoti na utamu ule uko mdomoni, nikaanza kuelewa nilichokifanya. Nilidhani nimeinuka kumzuia baba asinikatalie. Kumbe nilikuwa nimesimama upande wa pili wa meza, kwa miguu yangu, kabla hajanitoa. Nafasi ya kunitoa, ambayo mara ya kwanza aliificha kwa kusingizia tumbo kwa sababu hakutaka kabisa kuitumia, nilikuwa nimemnyang'anya.

"Baba," nikasema.

"Sikasiriki," akasema, na macho yake yalikuwa yamejaa maji. "Nilikuwa nataka kukusindikiza, basi. Umetangulia." Akanigusa kichwani, palepale ambapo khanga haikuwepo. Kisha akaita kuelekea jikoni, kwa ile sauti yake ya kuwapokea watu waliotoka mbali.

"Mama! Huyu amekuja na wenye pombe. Mleteeni mgeni kiti."

Katika nyumba ile nilikalia mkeka, kigoda, gunia la mahindi na mapaja ya watu. Viti vya wageni nilikuwa navipangusa vumbi kila Jumamosi na sikuwahi kukalia hata kimoja. Mama akaleta kile chenye kitambaa cha kufuma, akakifuta kwa ile khanga yangu, akaniambia karibu. Nikaketi, na mikono yenye unga sikujua niiweke wapi.