Kiwiko cha Mke Wangu

Mke wangu ni dobi wa hoteli. Chumba chao cha kufulia kiko chini kabisa ya jengo, hakina dirisha, na mashine zinanguruma kutwa. Katikati ya chumba hicho ipo meza ya mpira wa meza. Meneja mmoja wa zamani aliinunua kwa ajili ya wafanyakazi, akaweka sharti: kila mwaka madobi na wapishi washindane, na meza ilale kwa mshindi. Zamani ililala jikoni. Tangu mke wangu aanze kucheza, haijapanda ngazi.

Mimi ni fundi viatu, kibanda changu kiko nje ya geti la nyuma la hoteli hiyo. Si msemaji. Mke wangu husema siku ya kugawiwa ndimi nilikuwa mwisho wa foleni. Yeye alikuwa wa kwanza, kisha akazunguka akapanga tena.

Pigo lake lilikuwa na jina: Kamua. Mpira ukimjia upande wa kushoto, aligeuza kiganja ghafla kama anayekamua taulo, na mpira ukatoka kama umeumwa na nyuki. Wenzake wakapiga kelele, "Kamua, dada! Kamua!" Naye akakamua. Mchana anakamua mpira, asubuhi na jioni anakamua matambara ya kupigia deki, maana hayo mashine haziyapokei.

Shindano lilipokaribia, asubuhi moja alinyanyua birika la chai akaliachia. Chai ikafika mpaka chini ya kabati.

"Mkono huu!" akasema, ameshika upande wa nje wa kisugudi. "Kama mtu ananichoma sindano."

"Mwaka huu usicheze," nikamwambia.

"Wapishi waichukue meza? Bora nikatwe mkono."

"Ukikatwa mkono wataichukua vilevile."

"Ona! Siku nzima kimya, ukifungua mdomo unanitoa roho." Kisha akapunguza sauti. "Wapishi wana ua, wana upepo, wana kivuli. Sisi kule chini tuna nini zaidi ya ile meza?"

Tukaenda zahanati. Mtaalamu wa viungo, binti mdogo mwenye miwani, akambonyezabonyeza, akasema misuli imechoka na kuchanika kidogo, apewe kifaa cha kuukaza mkono. Siku hiyo vifaa hivyo havikuwepo. Kesho yake mke wangu alikuwa zamu, nikaenda mimi. Bado havikuwepo.

"Baba, si uliniambia wewe ni fundi viatu?" binti akauliza. "Basi mshonee mwenyewe. Ngozi ngumu, imkaze vizuri kwenye kiwiko. Umeelewa?"

Nyuma yangu watu walikuwa wananisukuma kwa macho. "Nimeelewa," nikasema, nikaondoka haraka.

Sasa, kwetu sisi wawili, kiwiko ni pale kiganja kinapoungana na mkono, pale pa kuvalia saa. Pale mkono unapokunjika ni kisugudi. Ndivyo mama zetu walivyotuogesha: "Lete kiwiko, lete kisugudi." Sikujua kwamba wako watu wengi ambao kiwiko chao ndicho kisugudi chetu.

Nikakata ngozi ya soli, nikailainisha kwa maji, nikaipinda kwa kipimo cha mkono wake, nikatoboa matundu na kupitisha kamba za viatu. Jioni nikamvalisha.

"Baba watoto," akasema, "mimi naumwa kisugudi, wewe unanifunga kiwiko. Nikiumwa jino utanifunga kidevu?"

"Mtaalamu kasema kiwiko."

"Kasema hivyo? Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake."

Akaguna, akanyoosha mkono. Nilivuta kamba kama ninayefunga buti la askari.

Kiganja kikawa hakipandi wala hakishuki. Matambara ya deki akawaachia wenzake. Raketi hakuweza kuigeuza. Habari zikafika jikoni kabla ya mvuke wa pasi kupoa, na mpishi mkuu, jitu la kifua kipana wanaloliita Mwiko, akateremka ngazi kuja kujionea. Nami nilikuwa nimeshuka kukaza zile kamba.

"Shangazi, nasikia unaumwa kiwiko. Kiwiko! Hicho si mwanangu mdogo? Mwiko baba, kiwiko mtoto!"

"Mwiko mkubwa hauingii kikombeni," mke wangu akamjibu. "Nenda kakoroge chungu chako, hapa tutakutana."

Wote wakacheka. Mke wangu pia alicheka, lakini Mwiko alipopanda ngazi nilimwona mke wangu ameweka mkono juu ya meza.

Siku zilivyokwenda, maumivu yakaanza kupungua. Siku ya kurudi zahanati alikuwa ananyanyua birika bila kukunja uso.

Binti akautazama mkono, akaitazama ngozi yangu, akavua miwani.

"Nani amefunga hapa?"

Nikatafuta pa kujificha. Chumba kilikuwa na kiti kimoja na mizani.

"Ulisema kiwiko," nikajibu taratibu, nikagusa pa kuvalia saa.

"Kiwiko ni hiki, baba!" Akagusa kisugudi.

"Hicho ni kisugudi," mke wangu akasema.

Wakatazamana, wakaangua kicheko. Mimi nilitazama mizani.

Kisha binti akanishika mkono, akauweka juu ya kigasha cha mke wangu, karibu na kisugudi. "Mama, nyanyua kiganja." Chini ya vidole vyangu kitu kikajikaza kama kamba inayovutwa. "Umesikia? Misuli inayonyanyua kiganja imeshikizwa huku juu kwenye mfupa. Akikamua kule, huku ndiko kunakochanika. Nilitaka ufunge huku, na yeye apumzike. Mama, ungepumzika?"

"Nisingepumzika," mke wangu akakiri.

"Basi mumeo amekufungia kazi yenyewe."

Akamruhusu kucheza, kwa masharti. Aweke kigasha ukingoni mwa meza, ashike chupa ya maji, aishushe polepole kwa kiganja, kila siku. Raketi aishike kwa ulegevu kama anayeshika yai. Na mpira autoe begani na kiunoni. Ile Kamua iwe basi.

"Kamua ndiyo mimi," mke wangu akasema tukiwa njiani.

Nikaubeba mkoba wake, tukatembea.

Siku ya shindano wapishi waliteremka na kofia zao nyeupe, na kamba za kubebea meza. Walizitundika ukutani makusudi tuzione. Mwiko alipiga kwa nguvu, mke wangu akarudisha kwa upole, bega linakwenda, kiganja kimetulia. Seti moja huku, moja kule. Seti ya mwisho wakafika mahali ambapo pointi moja ingempa mke wangu ushindi.

Mwiko akauinua mpira juu, upande wa kushoto, pale pale. Madobi wote wakalipuka: "Kamua! Kamua!"

Niliona kiganja chake kikianza kugeuka. Kikasita. Akausindikiza mpira kwa bega, polepole, kama anayesukuma mlango wa chumba chenye mtoto aliyelala. Ukagusa ukingo wa wavu, ukafikiri, ukadondokea upande wa pili. Mwiko alikuwa amesimama mbali, tayari kwa pigo la bunduki.

"Shangazi!" akapaza sauti. "Huo umeutoa wapi?"

"Begani, mwanangu. Chukueni kamba zenu."

Madobi wakamnyanyua juu mpaka kichwa kikakaribia taa. Mimi nilipiga makofi, nadhani kwa nguvu, maana watu waligeuka.

Kisha mashine ikalia kuonyesha imemaliza. Shuka zikatolewa, moto moto, zikamwagwa juu ya meza, kwa sababu ndipo zinapokunjiwa. Mwiko akashika pembe mbili, mke wangu mbili, wakaanza kukunja.

"Vuta taratibu," mke wangu akamwambia. "Nina mkono wa watu hapa."