Moshi wa Harusi ya Dada Yangu

Baba yangu ni mfanyabiashara, na kwa miaka mingi alishindwa kuwaeleza wenzake ninachosomea. Aliwaambia nasomea upepo. Wakimuuliza upepo unasomwaje, alikohoa na kubadilisha mazungumzo.

Kazi yenyewe si ngumu kueleza. Nachora mtaa ndani ya kompyuta: nyumba, kuta, barabara, nafasi zilizo wazi. Kisha naikata hewa ya mtaa ule vipande vidogo vidogo kama visanduku, na kompyuta inahesabu moshi unaoingia kila kisanduku na unaotoka, kulingana na upepo. Mwaka ule nilikuwa nachora Kamalondo, mtaa wa mafundi na wachuuzi mjini kwetu. Nilitaka kujua kwa nini asubuhi za kiangazi moshi wa makaa na wa magari unang'ang'ania vichochoroni hadi jua lipande. Vipimo vya upepo nilivipata kutoka uwanja wa ndege wa Luano.

Nikiwa katikati ya kazi hiyo, dada yangu mkubwa, yaya kama tunavyoita kwetu, akachumbiwa. Sisi asili yetu ni Kasai. Wakwe walitoka Kivu ya Kaskazini, watu wa malori na maduka ya jumla, na sherehe ilikuwa ifanyike uani kwetu. Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyepewa jiko. Jioni moja alinikuta mbele ya kompyuta.

"Weye unasomaka moshi, hapana?" akasema. "Basi tuonyeshe. Mbabula tuziweke wapi, ile moshi isiende ku bakwe?"

Mbabula ni yale majiko ya makaa ya kuchomea kuku. Shangazi alikuwa anatania, lakini mimi nililichukua neno lake kama kazi. Nilipima ua wote, nikauchora pamoja na meza na viti. Yeye alitaka mbabula zifichwe chini ya ukuta wa nyuma. Kompyuta ikakataa. Upepo wa kiangazi hutoka kusini-mashariki. Ungeuruka ukuta ule, uangukie ndani, uzunguke palepale kama maji nyuma ya jiwe la mtoni, na moshi uzunguke nao. Lakini kando ya geti palikuwa wazi. Hapo upepo ungeuchukua moshi na kuupeleka kwenye kiwanja kitupu cha jirani.

"Ku geti?" shangazi akashangaa. "Bakwe bataona kuku mbele ya kuona bibi-arusi!"

"Tantine, bakiona kuku, hakuna mwenye atalalamika."

Alicheka, akakubali.

Siku yenyewe, tuliporudi kanisani, mambo yalikwenda kama nilivyochora. Moshi ulitoka getini kwa adabu. Kisha jua likawa kali, na mjomba wangu, mtu anayejali wageni kuliko nafsi yake, akatandaza turubai kubwa kutoka paa la nyumba hadi juu ya geti ili wakwe wapate kivuli. Moshi ukakata kona, ukaingia chini ya turubai, ukatulia juu ya vichwa vya wakwe. Bibi yake bwana-arusi, kikongwe aliyesafiri kutoka mbali, akatoa kitambaa na kujifuta macho.

"Muone!" msema-chochote wa sherehe akapaza sauti kwenye kipaza. "Bibi analia juu ya furaha!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Bibi akapiga chafya.

Niliona haya, kisha nikaona raha kwa kuwa nilijua mchoro wangu umekosa nini, nikakimbilia chumbani nikiwa na gauni langu la sherehe. Nilifungua kompyuta, nikaongeza turubai kwenye mchoro, nikasubiri. Moshi, ambao kwenye skrini nimeupaka wekundu, ukapinda kama ulivyopinda nje na kukaa kwenye viti vilevile. Nikapiga makofi peke yangu.

Baba akaingia. "Mutoto yangu, hata leo? Yaya yako anaolewa!"

"Papa, angalia."

Aliinama, akavaa miwani. "Hii njo nyumba yetu," akasema polepole. "Na hii viti... njo ya bakwe?"

"Njo ya bakwe. Na hii nyekundu njo moshi."

"Sasa tufanye nini?"

Nikalikunja turubai la kwenye skrini kidogo, upande wa geti, nikaanza hesabu upya. Alisubiri karibu nami, mikono nyuma, suti yake ikinukia kuku. Wekundu ukatafuta njia, ukapata ule upenyo, ukapanda na kuondoka.

 Baba alitoka, na nikamsikia uani akiagiza turubai likunjwe: "Kunja bashi! Upande ya geti! Kidogo tu!"

Mjomba akakunja. Moshi ulisita, ukainuka, ukaruka geti. Uliwafuata madereva wa wakwe waliopumzika kwenye kiwanja cha jirani, na shangazi akawapelekea sahani ya kwanza ili wasinung'unike. Bibi alikunja kitambaa chake, akaomba paja la kuku, na baadaye akacheza kuliko sisi sote.

Kabla wageni hawajaaga, nilimsikia baba akiwaambia wakwe, kifua mbele: "Mutoto yangu anachoraka moshi kabla haiyafika."

Wiki iliyofuata nilikwenda Kamalondo na futi ya kupimia. Mchoro wangu ulikuwa na kuta na paa, lakini haukuwa na hata turubai moja, na kule kila fundi cherehani na kila mchuuzi ana lake. Fundi mmoja aliponiona napima lake alidhani nimeletwa na watu wa kodi. Nilipomweleza, aliita majirani. Wakaniweka kwenye benchi, kompyuta juu ya meza ya cherehani, wakaanza kutafuta milango yao kwenye skrini, kila mtu akimsukuma mwenzake. Yule fundi aliupata mlango wake, akautazama sana, akaniuliza kama naweza kuupaka buluu, maana tangu zamani aliwaza kuupaka mlango wenyewe rangi hiyo na alitaka kuona utapendezaje.

Nikaupaka buluu palepale.