Pweza Kiunoni Siku ya Mashindano

Jamani, haya nimeyaficha miaka mingi, na hata sasa nikiyataja uso unaniwaka, kwa hiyo anayetaka kucheka acheke mapema amalize.

Ilikuwa enzi za vijiji vya ujamaa, mimi mwalimu kijana hapahapa Mafia, na yalipotangazwa mashindano ya kuogelea kutoka Chole hadi Utende, kisha baiskeli mpaka Kilindoni, kisha kukimbia hadi Miburani na kurudi, nikaandikisha jina, mwanamke peke yangu katikati ya wanaume. Si kwa kiherehere (haya, kidogo). Nilikuwa na wasichana sita niliowafundisha kuogelea asubuhi, na wazazi wao waliwaachia shingo upande, wakingoja kuona mimi nitaishia wapi. Baba yangu, muadhini wa msikiti wetu, ndiye aliyewatuliza. Akaniambia, "Mwanangu, nenda, lakini stara yako ndiyo stara yao. Ukiaibika wewe, watoto hao hawatatolewa tena."

Nikashona gauni refu la kaniki na suruali ya kufika vifundoni, mtandio nikaufunga mara mbili. Nikaogelea vizuri, wallahi, wa tatu mimi! Lakini maji yalikuwa yamekupwa, tulipokaribia Utende ikabidi tusimame tutembee juu ya mwamba, na hapo ndipo nilipojitafutia balaa. Nikaona tundu, mlangoni pamerundikwa magamba ya chaza na kaa, na mtu aliyekulia kuchokoa pweza na mama yake hapiti tundu kama lile hivihivi, mikono inakwenda yenyewe. Nikajiambia ni dakika moja tu, na wageni nyumbani leo watakula nini? Nikamvuta, pweza mkubwa, nikampigiza jiweni mara mbili tatu, nikampachika ndani ya kanga niliyojifunga kiunoni, chini ya gauni asionekane, nikakimbilia baiskeli. Sikumgeuza kichwa ndani nje. Kila mwanamke wa huku anajua pweza asiyegeuzwa kichwa hajafa, nami nilijua, ila nilikuwa na haraka.

Nusu ya njia nikasikia kitu kinatambaa tumboni. Nikadhani jasho. Kikazunguka mbavu, kikaning'ang'ania mgongoni, chup, chup, nikawa nakanyaga baiskeli huku nasoma kila sura niliyoijua (hata za mazishi), maana kusimama siwezi na kupekua ndani ya nguo barabarani siwezi. Nikaomba nifike tu nijifiche nyuma ya nyumba ya mtu.

Kilindoni kumejaa wageni, wanafunzi wamejipanga mistari wanaimba, Baba amesimama mbele na kanzu yake nyeupe. Nikasema moyoni, vumilia. Ndipo mkono wa pweza ukatokea shingoni ukauvuta mtandio. Nikapiga ukelele, nikaanguka na baiskeli, na aibu yenyewe, ndugu zangu, ni kwamba hakuna aliyenivua nguo. Nilijivua mwenyewe. Nililichana lile gauni kwa mikono yangu miwili, nazunguka nalia "Nitoleeni! Nitoleeni!", wino unachuruzika mpaka magotini, kichwa wazi, mgongo wazi, mkutano mzima unaangua kicheko.

"Mfunikeni jamani, ni mtoto wa watu!" shangazi yangu alipaza sauti, wanawake wakambandua pweza, wakanitupia kanga zao. Baba alikuwa amegeuka, anatazama ukuta.

Nilimaliza. Nikakimbia na kanga za watu hadi Miburani nikarudi, nalia njia nzima, nikakuta wageni wameondoka na mabenchi yanarudishwa shuleni. Baba alikuwa amekaa peke yake.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Baba."

"Pole," akasema, akatangulia nyumbani.

Kesho yake nilikwenda ufukweni mapema, nikawangoja wasichana wangu sita. Jua lilipopanda wakaja mama zao, mmoja mmoja, nikawaamkia shikamoo, wakaitikia marahaba kwa upole hasa. Kila mmoja alinirudishia vazi la kuogelea la kaniki nililomshonea bintiye, limefuliwa, limekunjwa vizuri.

Niliapa pale pale sitamgusa pweza tena, na sijamgusa, hata harufu yake jikoni kwa jirani inanitoa machozi. Lakini kiapo hicho kimemsaidia nani? Mimi mashindano niliyamaliza. Wale sita hawakuyaanza.