Fundi Prodromos, Nuksi ya Kalamaria

Watu wa Kalamaria husahau sikukuu za watakatifu wenye majina ya wakwe zao, husahau kulipia leseni za mbwa wao, lakini muulize yeyote kwa nini klabu ya mpira wa kikapu ya Propontis ilikosa kombe mwaka 1983. Atakujibu hata kahawa hajaimeza: "Prodromos alikuwa uwanjani."

Prodromos Tsakiroglou ni fundi bomba, mfupi, ana masharubu ya kujivunia na kitambi cha kujitakia. Babu yake alikuwa mmoja wa wakimbizi wa Kigiriki waliotimuliwa Asia Ndogo, walioianzisha klabu hii wakati wenyewe bado wanalala mabandani. Sufuria hawakuwa nazo, timu wanayo! Walichukua pete ya pipa wakaipigilia kwenye ukuta wa ghala la tumbaku, ndicho kikapu hicho. Ndivyo tulivyo, na bado hatujapona.

Klabu imetwaa ubingwa mara tatu. Mwaka 1979 Prodromos alikuwa jeshini, analinda mto mpakani. Mwaka 1988 alikuwa wodi ya wazazi na mkewe, Sultana, ambaye mpaka leo anasema hakumwita. Mwaka 1997 alilazwa kwa jiwe la figo. Fainali mbili alizohudhuria, ile ya 1983 na ya 1993, tulifungwa zote, tena kwa pointi moja moja.

Basi baada ya hilo jiwe la figo, wenye akili wa mkahawa wa Lazaros wakakaa, wakajumlisha. Hawakuuliza mbona timu haikuwa na mchezaji mrefu, wala mbona kocha alivuta sigara kuliko alivyofundisha. La hasha! Wakamwona fundi bomba. Tangu siku hiyo ikawa sheria: fainali ikifika, mtu apangiwe zamu ya kumlinda asiisogelee hata redio.

Mwaka huu, baada ya ukame wa zaidi ya miaka ishirini, tukafika fainali na mabwana wakubwa wa Athene. Wao wameshinda mechi mbili, sisi mbili, na ya tano, ya kuamua, inachezwa kwetu. Zamu ikamwangukia Anestis, muuza samaki, rafiki yake wa tangu utotoni na msimamizi wa ndoa yake.

"Tutakaa ufukweni mimi na wewe," Anestis akamwambia mbele ya mkahawa mzima. "Dadu ninazo. Redio sina, na hiyo simu ukiishika nakukata vidole."

"Anestis, nina miaka sitini na minane."

"Hongera."

"Sijawahi kutuona tukitwaa kombe. Hata moja, bwana! Nikifa nitamwambia nini babu yangu?"

"Mwambie uliisaidia sana klabu. Ulikaa mbali."

Mkahawa ukaangua kicheko. Prodromos hakucheka. Vyoo vya watu wote wale alivizibua yeye, hata siku ya Pasaka, na leo wanamfanya mkosi. Ilimuuma, na aliyasema hayo kwa Sultana usiku kucha mpaka mama wa watu akahamia kwenye kochi.

Jumapili alasiri walikuwa ufukweni wakitupa dadu. Anestis alipoinuka kwenda kununua mkate wa ufuta, simu ya Prodromos ikalia. Alikuwa mlinzi wa uwanja: bomba la choo cha wanaume limepasuka, maji yamefika kwenye korido, na fundi gani mwingine atapatikana Jumapili? Anestis aliporudi na mikate yake miwili alizikuta dadu peke yake.

Bomba alilifunga kwa dakika kumi. Kisha, badala ya kutoka, Prodromos akajipenyeza safu ya tatu nyuma ya kikapu, mkoba wa spana mapajani, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. Ushanga wa buluu wa kuzuia jicho baya ulikuwa kiganjani. Aliona kila kitu: tukitangulia, tukipitwa, kocha akirusha koti. Zikabaki sekunde tatu, tuko nyuma kwa pointi moja, na kapteni wetu ana mitupo huru miwili.

Wa kwanza, ukumbi ukalipuka. Tumesawazisha. Wa pili, kimya, kisha kelele za kutaka kung'oa paa, na mtu asiyemjua akambusu sikioni.

Jumatatu asubuhi Prodromos aliingia mkahawani kifua mbele. "Nilikuwepo," akasema.

"Prodromos, usitutukane asubuhi yote hii," Lazaros akamjibu.

"Nilikuwepo! Nimeona kombe kwa macho yangu!"

"Ungekuwepo tungefungwa," akasema Anestis, ambaye hasira za mikate hazijamtoka. "Hatukufungwa. Kwa hiyo hukuwepo. Ulikuwa umejificha kwa Sultana."

Televisheni juu ya friji ilikuwa ikirudia mechi. "Tazameni basi, vipofu nyie! Safu ya tatu, kofia!"

Wakainuka wote. Kweli, ndiye yeye, na mkoba wake wa spana. Lazaros akaweka sinia chini. Mtu mmoja akajipiga ishara ya msalaba. Kwa dakika moja nzima fundi bomba alikuwa mfalme wa Kalamaria.

Kisha kapteni akainua mpira kwa mtupo wa kwanza, na kule nyuma ya kikapu, Prodromos akajifunika uso kwa mikono yote miwili. Mpira ukaingia, mikono haijatoka. Mtupo wa pili ukagonga pete, ukazunguka, ukasita, ukadumbukia. Mikono ipo palepale. Watu wakaruka, akabusiwa, bado amejifunika.

Hakuna aliyecheka. Televisheni ikaurudia mtupo taratibu, na Prodromos akautazama ule mpira ukizunguka peteni kwa mara ya kwanza.

"Hakuona," Lazaros akanong'ona. "Jamani, hakuona! Ndiyo maana tumeshinda."

Anestis akamkumbatia kwa nguvu, harufu ya samaki na yote. "Ndugu yangu, nisamehe. Mwakani unaingia na sisi, safu ya mbele kabisa. Kitambaa cha kukufunga macho naleta mimi."

Prodromos akavua kofia, akaketi, akajifuta masharubu.

"Kiwe cha zambarau," akasema. "Rangi ya klabu."