Vijiti vya Mzee Jeronimo

Mzee Jeronimo alinichosha, jamani! Alikuwa fundi wa kuchonga mpingo, aliyevuka Ruvuma mwaka sitini na tano akikimbia vita vya Msumbiji. Kituo chetu cha utafiti wa wadudu, Mtwara, kikampa kibarua cha kukamata mbawakawa wanaotoboa miti, mimi nikiwa karani wa kuwatunza. Kukamata alijua! Anabandika sikio kwenye shina, anasikiliza, anapiga shoka mara mbili, mdudu huyu hapa. Lakini uchafu! Kila chupa ya spiriti aliyoleta ilikuwa na mdudu na kijiti.

"Mzee, lete mdudu peke yake."

"Sawa, bwana karani." Kesho yake, kijiti tena! Miezi minane hivyo hivyo.

Juni 1972 tukaambiwa mtaalamu anatoka Dar es Salaam kukagua. Akiridhika, mzee ataandikwa kazi ya kudumu. Asiporidhika, kibarua kimekwisha, na nyumbani ana wajukuu wanne. Nikaona nimsaidie. Siku mbili nzima nikatoa vijiti vyote, nikabadilisha spiriti, nikabandika karatasi kwa mwandiko wangu mzuri: Mbawakawa, Mtwara, 1971–72. Chupa mia na kumi na mbili.

Mtaalamu akainua chupa ya kwanza. "Huyu katoka mti gani?"

Mzee akaitazama, akatazama ya pili, ya tatu.

"Kijiti kiko wapi?" akaniuliza.

"Nimetupa. Takataka zile!"

"Mimi sijui kusoma, mwanangu. Kijiti ni cha mti wenyewe. Mkato mmoja juu yake ni kijiji cha Mpapura, miwili kijiji cha Kitaya, mitatu kwenye mikoko ya pwani."

Lo! Nikakimbilia jalalani. Esta, mfagiaji wetu, alikuwa ameshavichemshia chai, na akavisifu kwamba vinashika moto upesi.

Nikakiri kosa. Mtaalamu akasema mdudu asiyejulikana mti wake hana faida, akaamuru wote wamwagwe. Mzee akapewa miezi mitatu aanze upya. Nilitaka anitukane, niwe nimelipa. Hakunitukana, na hilo likaniudhi zaidi.

Kesho yake akaja na chupa moja: mdudu, na kijiti chenye mkato mmoja. Nikanyoosha mkono niipokee nibandike karatasi. Hakuiachia.

"Andika tu, bwana karani," akasema. "Chupa nitaishika mwenyewe."