Laptopu Iliyopumzishwa Mno

Niliikubali ile apdeti Nyakanazi, katika nyumba ya wageni, nikitoka Ngara na kusubiri gari la Biharamulo. Mtandao wa pale ulikuwa wa bure, na sisi tuliolelewa na vifurushi vya wiki hatujui kukataa cha bure. Laptopu iliponiuliza kama iweke mfumo mpya, nilibonyeza ndiyo kwa furaha ya mtu aliyealikwa harusini bila kuchangishwa.

Nilipofika nyumbani Runazi, mashine ilikuwa imezeeka ghafla. Nikibonyeza herufi, ilitokea nikiwa nimeshasahau nilichotaka kusema. Feni ililia kama mbu aliyenaswa ndani ya chandarua. Ilikuwa Jumatatu. Mhariri mmoja wa Dar es Salaam alikuwa ameniahidi kuichapa riwaya yangu ya kwanza, mradi sura ya mwisho imfikie Ijumaa kabla ya saa kumi na mbili jioni. Baada ya hapo nafasi ingekwenda kwa mwandishi mwingine.

Mama alikuja akaigusa laptopu mgongoni, kama anayepima homa.

"Imechoka hii. Izime ipumzike."

Kwetu kila kitu hupumzishwa. Umeme wetu ni wa paneli moja ya sola juu ya bati, kwa hiyo redio hupumzishwa, taa hupumzishwa, na simu ikipata moto huwekwa kivulini. Nikaizima. Jumanne niliipumzisha mara sita, Jumatano mara nane, na kila nilipoiwasha ilikuwa nzito kuliko mwanzo. Nilifuta picha, nikafuta michezo, nikafuta hata mashairi niliyomwandikia binti mmoja wa Ngara. Hasara kwa fasihi, nadhani, haikuwa kubwa. Alhamisi nikampigia mhariri, nikamweleza kwa uchungu kwamba sura ipo, ila imefungiwa ndani ya chuma. Sentensi hiyo niliipenda mno, nikairudia kwa majirani wawili.

Ijumaa asubuhi nilirudi Nyakanazi, kwa fundi wa simu mwenye kibanda karibu na mahali malori yanapoegeshwa. Alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani.

"Shikamoo."

"Marahaba. Leta mgonjwa."

Aliiwasha, akafungua orodha ya kazi zinazoendelea ndani yake, akaitazama kwa muda mrefu.

"Tangu uapdeti, umeizima mara ngapi?"

"Nyingi. Nilikuwa naipumzisha."

Alicheka mpaka dereva aliyekuwa akichaji simu akageuka.

"Unaishi kwa sola wewe!"

"Umejuaje?"

"Wa sola wote mnaniletea hivi hivi. Mwanangu, siku ile apdeti haikuisha. Bado inapanga mafaili, inasafisha, inakagua. Inataka iachwe kwenye umeme saa nyingi, ifanye kazi. Wewe kila ikishika jembe unaipeleka kulala!"

"Kwa hiyo dawa yake?"

"Kuacha kuitibu."

Aliichomeka ukutani, akazuia programu mbili zilizokuwa zikijiwasha zenyewe, akaniambia nikae mbali. Nilikaa kwenye benchi, nikala chapati na maharage, nikatazama malori yakigeuza pua kuelekea Burundi na Rwanda. Nilimsimulia dereva yule mateso ya msanii. Alisikiliza kwa adabu, kisha akaenda kuangalia matairi ambayo hayakuwa na tatizo.

Saa tisa alasiri feni ilinyamaza. Fundi akaniita.

"Haya, fungua hicho kitabu tuone."

Sura ya mwisho ilifunguka kabla sijaondoa kidole. Ilikuwa na mistari minne, na wa nne haukuwa na kitenzi.

Fundi alivaa miwani, akachungulia. "Mbona kafupi?"

"Bado sijaimaliza."

"Eh! Basi kompyuta nimemaliza mimi. Hilo lingine si la fundi simu."

Niliandika palepale, magoti yakiwa meza, kwa karibu saa tatu, na honi za malori zikinikatia sentensi mahali ambapo mimi nisingethubutu. Niliituma zikiwa zimebaki dakika chache, kwa mtandao wa simu ya fundi.

Kesho yake mhariri alinijibu kwamba ameupenda sana ufupi wa sura ile. Akauliza nilikaa nayo muda gani.

Nikamwandikia: wiki nzima.